Bati Sitini za Marehemu

Mazungumzo na kamati za misikiti, madrasa na skuli, Wete, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mwenyekiti, masheikh wetu, walimu, mama zetu mlioketi upande wa kule, na nyinyi vijana mliosimama madirishani kwa kukosa viti. Nimeambiwa nizungumze nusu saa, na kwamba baada yangu kuna pilau. Harufu yake imeshafika hapa mbele, kwa hiyo najua anayesubiriwa si mimi.

Nazungumza kama wakili, juu ya ahadi za michango na lini sheria humlazimu mtu kuzitimiza. Nianze na daftari.

Miaka kadhaa nyuma walinijia wazee watatu kutoka shehia moja ambayo sitaitaja. Mkubwa wao alishika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na daftari la skuli, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Akalifungua juu ya meza yangu. Kurasa zilichorwa mistari kwa rula, safu tatu: jina, alichoahidi, alichotoa. Mifuko miwili ya saruji, tiki. Shilingi elfu hamsini, tiki. Lori la mchanga, tiki, lakini kalamu nyengine ilikuja baadaye ikaandika pembeni "nusu". Pishi kumi za karafuu, na mbele yake: "msimu ukija". Kisha mzee akaweka kidole kwenye mstari ambao safu yake ya tatu ilikuwa tupu. Bati sitini, geji 28.

Aliyeahidi bati hizo alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Alikuwa mtu mwenye nafasi yake, ana duka, ana na jahazi la kwenda Tanga. Alisimama mbele ya watu usiku wa hafla ya kuchangia madrasa, akashika kipaza sauti, akasema paa lote ni juu yangu. Ameacha wajane wawili na watoto saba, na wawili kati yao walikuwa bado wadogo hawajamaliza skuli ya msingi.

Mzee akaniambia: "Tunataka utuandikie barua kwa warithi. Ahadi ni deni, na deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi."

Sentensi fupi, na ukiisikia haraka utaona haina pa kuikamata. Deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi: hilo ni kweli, hakuna kadhi wala wakili atakayekupinga. Ahadi ni deni: nalo tunaambiwa tangu tunajifunza kufunga kamba za viatu. Lakini deni la methali na deni la mahakama ni vitu viwili, na yule mzee aliviunganisha kama mtu anayeunga bomba la inchi moja na la inchi mbili. Maji yatamwagika tu.

Nikamuuliza: "Marehemu alipokwisha kusema, nyinyi mlifanya nini?"

Wakatazamana. "Tulipiga takbiri."

"Na baada ya takbiri?"

"Tulingoja."

Yule mdogo wao, ambaye alikuwa hajasema kitu, akainua mkono kama mwanafunzi. "Tulinunua mbao za paa," akasema.

Nikamwambia aniletee risiti ya mbao. Na nyinyi naomba muishike risiti hiyo, nitairudia.

Sheria ina neno moja hapa ambalo kwa Kiswahili lina majina mengi. Wengine huliita malipo, wengine fidia, wengine manufaa. Mimi leo nitaliita badali, kwa sababu kila aliyewahi kununua samaki dikoni anajua badali ni nini. Wewe unatoa fedha, mvuvi anatoa changu, na kila kimoja ni badali ya mwenziwe. Mkataba, kwa sheria tuliyoirithi, ni ahadi yenye badali. Isiyo na badali ni maneno, pengine mazuri, pengine yana thawabu zake, lakini jaji hana pa kuyashika.

Nasema tuliyoirithi kwa sababu Dikrii, yaani sheria, yetu ya Mikataba, Sura ya 149 ya Sheria za Zanzibar, imetoka katika Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Waingereza walipoweka mahakama zao Unguja hawakutaka taabu ya kuandika upya, wakaleta zilizokwisha andikwa kule. Kuna wakati hata rufaa za kutoka Unguja zilikwenda kusikilizwa Bombay. Na ndugu zetu wa Bara, sheria yao ya mikataba ya 1961 imefuata nyayo hizo hizo. Kwa hiyo msishangae nikiwapeleka Agra na Calcutta, miji ya India, kabla ya kuwarudisha Wete. Huko ndiko maswali yetu yalikojibiwa kwanza, na majaji wetu wakitaka kujua kifungu kimekusudia nini, huko ndiko wanakotazama.

Kifungu cha kushika ni cha 25 katika sheria ile ya India. Kinasema makubaliano yasiyo na badali ni batili, kisha kinafungua milango michache: ahadi baina ya jamaa wa karibu kwa ajili ya mapenzi, iwe imeandikwa na kusajiliwa, ahadi ya kumlipa mtu aliyekwisha kukufanyia jambo kwa hiari yake, na ahadi ya maandishi ya kulipa deni lililopitwa na muda. Sadaka ya msikiti haimo. Mchango wa madrasa haumo. Lakini kifungu hicho kimeongeza jambo ambalo wenye kamati wengi hawalijui, nalo ni kwamba zawadi iliyokwisha kutolewa haiguswi. Yule wa mifuko miwili ya saruji hawezi kurudi kesho akasema nirudishieni, sikupata badali. Saruji imeshakuwa yenu.

Sasa Agra. Kesi imehukumiwa mwaka 1914 na Mahakama Kuu ya Allahabad. Kamati ya Waislamu wa Agra ilikusudia kuutengeneza msikiti, ikakusanya michango, na mtu mmoja akaahidi rupia 500. Hakutoa, akafariki. Kamati ikawashitaki warithi wake. Mnaona? Ni daftari lile lile, tofauti ni jedwali la kuzidisha tu.

Kamati ilishindwa. Mahakama ilisema hii ni ahadi ya bure ya kawaida, hakuna aliyefanya lolote kwa kuitegemea. Msikiti ulikuwa haujatengenezwa. Hakuna fundi aliyeajiriwa, hakuna mawe yaliyonunuliwa kwa ajili ya zile 500. Aliyeahidi alisema neno, neno likabaki hewani, na mwenyewe akaondoka duniani.

Rudini nyuma miaka ishirini na nane, 1886, Calcutta. Pale ng'ambo ya mto, mji wa Howrah, walitaka kujenga ukumbi wa mji. Wakafungua orodha ya michango, na mtu mmoja, Kedar Nath, akatia saini rupia 100. Kadiri orodha ilivyorefuka ndivyo na ramani ilivyokua: jengo lililokusudiwa kugharimu rupia 26,000 likafika 40,000. Wakaingia mkataba na mkandarasi. Ikawa Kedar Nath hataki kutoa. Akashitakiwa na mmoja wa wasimamizi wa mradi, Gorie Mahomed, na Kedar Nath akasema kama atakavyosema mtu yeyote wa hapa: mimi nimepata nini? Badali yangu iko wapi?

Majaji wakamjibu kwamba alitia saini huku anajua fedha ni za nini, na anajua kuwa kwa kutegemea saini yake na za wenzake kuna watu watajifunga kwa mkandarasi. Kwa saini ile ni kama aliwaambia: jengeni, na mimi nimo. Wao wakajenga. Hiyo ndiyo badali, ingawa haikuingia mfukoni mwake. Rupia 100 zikamtoka.

Msikiti ulishindwa na ukumbi wa mji ulishinda, na katu si kwa sababu majaji walipenda kumbi kuliko misikiti. Sheria inasema badali ni jambo ambalo aliyeahidiwa, au mtu mwengine, amelifanya kwa kutaka kwake aliyeahidi. Maneno hayo ndiyo roho ya mazungumzo yetu: kwa kutaka kwake. Kwanza kuwe na kitendo, na kitendo hicho kiwe kimeitwa na ahadi. Watu wa Agra hawakufanya kitendo. Watu wa Howrah walikifanya, na ahadi ndiyo iliyokiita.

Kuna kesi ya tatu, ya Madras, ya miaka ya 1930, nami nitaipita haraka ingawa ndiyo iliyowakata maini wale wazee wangu. Wenye hekalu la Kihindu walianza matengenezo, gharama ikapanda katikati ya kazi, ndipo wakapitisha orodha ya michango. Mmoja akajiandikisha rupia 125, hakutoa. Kesi ikaanguka. Kazi ilikuwa imeshaanza kabla hajaahidi, kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa ahadi yake ndiyo iliyoianzisha.

Sasa ile risiti. Yule mdogo wao aliileta kesho yake asubuhi, imekunjwa mara nne na ina alama ya kikombe cha kahawa. Nikaivalia miwani. Mbao zilinunuliwa wiki mbili kabla ya usiku wa hafla.

Nilikaa kimya kidogo. Lau tarehe ile ingekuwa wiki mbili mbele badala ya wiki mbili nyuma, ningekuwa na la kuzungumza na warithi. Ningesema: mzee wenu alisema paa ni juu yangu, na hawa wakaenda kutumia fedha za watu kwa mbao ambazo bila bati hazina kazi. Wala nisingeahidi ushindi. Lakini mbao zilinunuliwa kwa michango ya watu wengine, kabla marehemu hajashika kipaza sauti. Hakuna walichofanya kwa kutaka kwake isipokuwa takbiri na kungoja.

Ndugu zangu, msidhani ni sisi na Wahindi tu tuliosumbuka na jambo hili. Uingereza, katika kesi iliyohukumiwa mwaka 1885, bwana mmoja aitwaye Hudson aliahidi pauni 20,000 kwa umoja wa makanisa ili walipe madeni ya majengo yao, kwa mafungu ya pauni 4,000 kila mwaka kwa miaka mitano. Akalipa 12,000, akafariki. Mahakama ikasema zile 8,000 zilizobaki hazidaiwi. Hata mtu aliyekwisha kutimiza zaidi ya nusu! Waingereza katika hili ni wakavu, na wamebaki hivyo.

Wamarekani ndio waliotafuta njia ya kuzunguka. Mwaka 1921 bibi mmoja, Mary Yates Johnston, alikiahidi chuo cha Allegheny cha Pennsylvania dola 5,000 zilipwe baada ya kufa kwake, zisomeshe wanafunzi wanaotaka kuwa makasisi. Mwaka 1923 akatanguliza dola 1,000 angali hai. Mwaka uliofuata akaandika kwamba ameghairi. Alipofariki, chuo kikadai zilizobaki. Kesi ikafika kwa jaji Benjamin Cardozo wa New York mwaka 1927, na huyo jaji, wallahi, alikuwa fundi. Alisema bibi alitaka mfuko ule uitwe kwa jina lake, na chuo kilipopokea zile 1,000 kilijifunga kulihifadhi jina hilo. Basi badali imepatikana: jina. Chuo kikashinda. Wapo wenzake kwenye benchi waliosema ametafuta sindano kwenye jamvi la karafuu, na mimi nikiisoma huwa naona pengine walisema kweli, ila sindano yenyewe aliipata.

Baadaye wataalamu wao wa sheria wakaandika kwamba ahadi ya mchango wa kheri ipewe nguvu hata kama hakuna aliyeitegemea. Si mahakama zao zote zilizokubali. Massachusetts, mwaka 1989, ilikuwepo kesi ya mgonjwa aliyemwahidi kiongozi wa sinagogi lake, nyumba ya ibada ya Mayahudi, dola 25,000, mara nne au tano, mbele ya mashahidi, kwa mdomo. Akafa bila kuandika. Sinagogi ikasema tulikuwa tumekusudia kuitumia kugeuza stoo yetu kuwa maktaba yenye jina lake. Mahakama ikasema kukusudia si kutegemea, na kumlazimisha msimamizi wa mirathi alipe haingekuwa haki. Sinagogi ikakosa dola zake.

Naona sheikh wetu pale mbele ananitazama kama anayesema: huyu ametupeleka makanisani, mahekaluni na masinagogini, kwetu atarudi lini? Nimerudi.

Sayyidna Abubakar, Mwenyezi Mungu amridhie, alimpa binti yake Bibi Aisha mavuno ya tende, wasaki ishirini (wasaki ni kipimo, kama mzigo wa ngamia), katika mali yake ya Ghaba. Alimpa kwa ulimi, lakini Bibi Aisha hakuzivuna wala hakuzishika. Alipokuwa katika maradhi ya mauti akamwita. Akamwambia hakuna ninayempenda awe tajiri baada yangu kuliko wewe, na lau ungezivuna ukazishika zingekuwa zako. Lakini leo ni mali ya warithi: ndugu zako wawili wanaume na dada zako wawili. Bibi Aisha akauliza, dada yangu ni Asmaa, huyo wa pili ni nani? Akasema ni huyu aliyemo tumboni mwa mke wangu, naona atakuwa mtoto wa kike.

Mimi kila nikiisimulia husimama hapo. Baba mwenye mali yake na mtoto anayempenda, na neno ameshalitoa, tena yeye ndiye Abubakar. Bado anasema haikushikwa, basi imerudi kwa warithi, na katika warithi anamhesabu hata ambaye hajazaliwa. Hicho ndicho tunachokiita kabdhi, kukishika kitu mkononi. Hiba, yaani zawadi, bila kabdhi haijatimia. Mtu akisema nimewapa shamba na bado anavuna minazi yake, hajatoa kitu.

Na ahadi tupu, ile ya nitatoa? Wengi katika wanavyuoni wanasema kuitimiza ni jambo jema mno, na kuivunja bila udhuru ni aibu mbele ya Mola. Sote tunaijua hadithi ya alama tatu za mnafiki na tunajua ahadi imo. Lakini kadhi hamlazimishi mtu. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, wao wana kauli mashuhuri: ukimwambia mtu bomoa nyumba yako na mimi nitakukopesha ya kujengea, naye akabomoa, basi umefungwa, kwa sababu umemwingiza katika jambo. Na chuo cha fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, cha Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, kilipokutana Kuwait Disemba 1988, kilichukua mwendo unaofanana na huo: ahadi humlazimu mtu mbele ya mahakama ikiwa imefungamanishwa na sababu na aliyeahidiwa ameingia gharama kwa ajili yake. Na hapo atakayoyatoa ni kutimiza, au kumfidia mwenziwe hasara aliyoipata kweli.

Angalieni sasa. Majaji wa Calcutta mwaka 1886 hawakuwa wamekaa darsani kwa Imamu Malik. Lakini wote wanauliza swali ambalo mimi niliwauliza wale wazee: baada ya neno, mlifanya nini?

Kuna mambo mengine yanaingia hapa nami nayapita tu. Aliyeweka nadhiri ni mlango mwengine, na hapo nampisha sheikh. Aliyeusia ana theluthi yake, baada ya madeni. Aliyeweka wakfu, ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na migogoro yake Waislamu tunaipeleka kwa kadhi. Kamati ikiletewa mtu anayetaka kutoa shamba au nyumba, isimwandike kwenye daftari la saruji. Impeleke huko, ziandikwe karatasi zinazostahili.

Sasa niseme langu, na atakayenikasirikia tutamalizana kwenye pilau.

Ile fikra ya kwamba kila ahadi ya mchango ifungwe kisheria hata bila aliyeitegemea, mimi siitaki kwetu. Siikatai kwa kuwaonea huruma matajiri. Naikataa kwa sababu najua ahadi zetu zinavyopatikana. Mnakijua kipaza sauti. Mshereheshaji anasimama, anasema fulani ametoa mifuko kumi, je wewe jirani yake utakaa kimya? Watu wanageuza shingo. Mtu ana shilingi elfu tano mfukoni na mke amejifungua juzi, lakini shemeji zake wako safu ya nyuma. Anasema mitano. Takbir! Usiku anarudi nyumbani hana usingizi. Ndiyo mnayotaka nikaiite mkataba mbele ya hakimu? Mbinu ile inaleta saruji, sikatai, nimeiona ikileta. Lakini neno lililokamuliwa vile lisipewe nguvu ya hati ya nyumba. Akitokea mtu ameingia gharama kwa kulitegemea, na aliyesema alijua ataingia, hapo sawa, abebe hasara aliyoisababisha. Nasema hasara, si lazima bati zote sitini.

Upande wa pili ni wenu, kamati. Wengi wenu hamjasajiliwa. Kamati isiyosajiliwa si mtu mbele ya sheria, na siku fundi hajalipwa hatafutwi "kamati". Anatafutwa yule aliyetia saini makubaliano, na fundi anajua nyumba yake. Nimemwona katibu mmoja akiuza ng'ombe wake kulipia kokoto za msikiti, kwa kuwa alihesabu ahadi za daftari kama fedha taslimu. Ahadi zihesabiwe peke yake. Mkandarasi asiagizwe zaidi ya kilichokwisha kushikwa, ila kama kuna mtu au watu wachache wakubwa walioandika.

Na wakiandika waandike nini? "Nitatoa bati 60" haitoshi. Aandike kwamba anaiomba kamati inunue mbao na imweke fundi wa paa, na kwamba anajua itaingia gharama hizo kwa kutegemea bati zake, ambazo atazileta tarehe fulani. Atie saini, mashahidi wawili watie saini, na tarehe, tarehe, tarehe. Kisha ndipo mnunue mbao, na risiti ya mbao ibandikwe nyuma ya karatasi ile ile. Mkisema darasa litaitwa kwa jina la mama yake, liandikeni nalo, na liteni kweli. Mwenye karafuu aseme za msimu gani, na msimu ukiwa mbaya itakuwaje. Tajiri akikataa kuandika, msimnunie. Amekwambieni jambo la maana mapema, na bado hamjachimba msingi.

Wale wazee sikuwaandikia barua ya madai. Niliwaambia bati si deni kwa sheria wala kwa hiba, na kwamba katika mirathi ile mna mafungu ya watoto wadogo, na mlezi wa yatima hana ruhusa ya kuyatolea sadaka mali yao, hata kwa madrasa ambayo yatima wenyewe wanasoma. Warithi wakubwa wana haki ya kutoa katika mafungu yao, wakiombwa kwa adabu, nyumbani, bila kipaza sauti. Mzee alinuna. Aliniambia mimi ni wakili wa makaratasi. Nilimpa chai, akainywa.

Nilisikia baadaye kwamba mtoto mkubwa wa marehemu alipeleka bati ishirini na mbili, kwa gari la ng'ombe, asubuhi, hakuwaambia watu. Akasema hizi ni zangu mimi, za baba mwacheni apumzike. Ishirini na mbili zinaezeka upande mmoja na ukumbi wa mbele. Upande wa pili waliweka makuti, na nimeambiwa wanafunzi wanagombania kukaa upande wa makuti kwa sababu hauna joto.

Naona mwenyekiti ananinyooshea kipaza sauti kingine, na katibu ameshafungua daftari, kalamu mkononi. Nimekuelewa, mwenyekiti. Unataka uandike jina langu kwenye safu ya kwanza na idadi kwenye ya pili.

Safu ya pili iache. Nje, chini ya mwembe, kuna gari la ng'ombe lina mifuko minane ya saruji. Nimekuja nayo. Watumeni vijana wawili hawa wa dirishani wakaihesabu na waipokee sasa hivi, na waiingize ndani kabla hatujakaa kula, maana mawingu yale ya upande wa bahari siyapendi.